Ndoo ya Mutua

Wenzangu wakikumbuka utoto wao hutaja harufu ya mahamri, ya udi, au ya vumbi likipigwa na mvua ya kwanza. Hongera zao. Utoto wangu mimi unanuka petroli. Nikipita mahali ambapo watu wanakata mti kwa mashine, na ile harufu ya petroli ikachanganyika na ya mbao mbichi, nimesharudi Siyu, kwenye uwanja wa nyumba yetu, nimesimama kwenye mlango wa jiko na jua la asubuhi machoni. Wanaonijua hudhani nachukia kelele. Kelele sina neno nazo. Nachukia kilichofuata zilipokoma.

Nyumba yetu ilikuwa ya kuta za mawe na paa la makuti, pembezoni mwa mji, pale ambapo nyumba zinakwisha na njia ya mashambani inaanza. Uani kwetu palikuwa na mkwaju mkubwa uliokuwa pale kabla ya nyumba yenyewe. Chini yake mama, Bi Zena kama walivyomwita watu, alisuka mikeka yake pamoja na wanawake wa mtaani, wakicheka na kusengenya kutwa nzima. Mimi na wenzangu tuliokota ukwaju ulioanguka, tukaula na chumvi mpaka meno yakafa ganzi. Sitaki kuupamba mti ule. Ulikuwa mti tu, wenye siafu na taka za majani zisizokwisha kufagiwa, lakini joto la Siyu likikaza hakuna aliyekaa mahali pengine.

Mwaka ule kusi ilikuja kwa fujo. Alasiri moja upepo ulivuma mpaka makuti yakaruka kutoka kwenye mapaa kama kuku waliofukuzwa, na tukasikia mkwaju ukilia. Ungeanguka tungejua moja. Haukuanguka. Tawi lake kubwa kuliko yote, nene kama tumbo la ng'ombe, lilipasuka kwenye panda likabaki likining'inia juu ya paa letu, na ufa ukashuka kwenye shina kwa upande wa nyumba. Kuanzia siku hiyo kila upepo ulipopita lile tawi lilitoa sauti ya mlango mzito unaofunguliwa polepole. Mama alituhamishia jikoni, nyuma ya nyumba, mikeka, sufuria na kila kitu, akakataa katakata mtu yeyote kulala chini ya paa lile. Alikuwa na mimba, na alikuwa na hofu isiyosikia maneno. Wanaume wenye mashoka walikuja, wakatazama juu, wakashika ndevu, wakaaga. Kila mmoja alikuwa na udhuru wake. Hakuna aliyetaka kupanda mti uliopasuka, na haki yao.

Basi baba akavuka bahari kwenda Mokowe kutafuta watu wa kazi hiyo. Baba, Bwana Athmani, alikuwa mtu wa mizaha. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu watu wote wa Siyu watakwambia hivyo kabla hujamaliza kuuliza. Hakuna harusi iliyonoga bila yeye. Alikuwa na maneno, alikuwa na sauti, na alijivunia Kiswahili chake cha Siyu kuliko alivyojivunia nyumba au mashamba. Kiswahili cha watu wa bara alikiita Kiswahili cha kituo cha polisi. Alirudi kutoka Mokowe na watu wawili wa bara, wamebeba kamba nene, mikanda ya kupandia na msumeno wa mota uliofungwa kwenye gunia. Mkubwa wao aliitwa Kariuki, fundi mwenyewe, mkimya, aliyeuzunguka mkwaju mara kadhaa akiugonga kwa kiganja kabla ya kusema lolote. Mwenzake, mtu wa chini, mshika kamba, aliitwa Mutua.

Kwanza nilidhani wangeuangusha mti mara moja na kwenda zao. Kumbe mti ulio juu ya nyumba hauangushwi, unavuliwa. Kariuki alipanda na mkanda wake, akaanza na matawi madogo ya mbali, akija ndani kidogo kidogo. Kila kipande alikifunga kamba kabla ya kukikata. Kamba ilipita kwenye panda nzima juu, ikashuka mpaka kwenye mnazi uliokuwa karibu na ukuta, na pale Mutua aliizungusha kwenye shina la mnazi na kuilegeza polepole, kipande kikashuka kama mtu anayeteremka ngazi. Kikigusa mchanga, Kariuki hutikisa kichwa kuashiria ni salama, na hapo ndipo Mutua huingia chini ya mti kufungua fundo, kukivuta kando, na kutoka haraka. Lile tawi kubwa liliachwa liwe la mwisho, lifungwe vizuri baada ya mzigo mwingine wote kupungua. Kazi ya siku nyingi, na mimi sikubanduka mlangoni mwa jiko. Nasema hili kwa uchungu: zile ndizo siku nilizofurahi zaidi utotoni mwangu.

Mutua alikuwa mrefu, mwenye pengo mbele, anayepiga mluzi nyimbo za kanisani akivuta matawi. Alimwita baba "mzee," baba akamkemea kwa kicheko, "Mzee babako! Mimi niite Bwana Athmani." Mama aliwawekea kila asubuhi ndoo ya maji ya kunywa, yenye kata, kwenye shina la mkwaju upande wa kivuli ili yapoe. Siku ya kwanza kabisa mama aliniita kutoka kisimani, kama alivyoniita siku zote: "Esha! Ndoo!" Kwetu, mtu akikwambia *ndoo* amekwambia njoo. Hatuna njia nyingine ya kusema. Kabla sijainuka, Mutua wa watu ameshaichukua ndoo yake, amemwaga maji, anakimbia nayo kisimani. Akamkabidhi mama kwa mikono miwili. Mama akaduwaa.

"Ya nini hii?"

"Si umeitisha ndoo, mama?"

Wee! Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba alipoelezwa alikaa nti, chini mchangani kabisa, anajifuta machozi. Mutua naye alipoelewa alicheka kuliko wote, akajipiga kichwa. "Sasa ninyi mkitaka ndoo mnaitaje?" akauliza, tukacheka upya.

Ungeishia hapo ungekuwa mzaha mzuri. Lakini baba hakujua kuacha kitu kizuri. Kila mgeni aliyepita kuangalia kazi alioneshwa. Baba humkonyeza mgeni, kisha huita kwa sauti, "Mutua! Ndoo!" Naye Mutua, mtu wa kupenda watu, hutupa alichoshika, hukimbilia shinani, huja na ndoo ameiinua kichwani, na watu huvunjika mbavu. Asubuhi, mchana, baada ya alasiri. Ikawa mchezo wao wawili. Siku moja alikuja na ndoo na kata, akamkaribisha baba maji kama mhudumu wa hoteli, na baba akamkumbatia mbele ya watu. Kariuki peke yake hakucheka. Aliwahi kusema kutoka juu ya mti, "Mzee, kazini tusiitane hivyo." Baba akamjibu kwamba kazi bila kicheko ni jela.

Jambo jingine lazima lijulikane. Mutua hakunywa pombe. Alikuwa mnywaji huko nyuma, alimwambia mama mwenyewe, akiwa amekaa kwenye gogo na mkate wa mofa mkononi. Alikunywa mpaka akauza mbuzi wa mkewe. Kisha akaokoka, akasimama kanisani mbele ya watu wote akaahidi, na mkewe akamwambia kwamba siku atakayogusa chupa tena asirudi nyumbani. Alikuwa na binti mchanga, Mwende. "Mimi sasa ni chai tu, Mama Esha," akasema, akisukuma kikombe kijazwe, "niwekee sukari kama unamwekea adui." Mama alimpenda kwa maneno yale. Siku zote alizokaa kwetu alikunywa chai na maji ya ndoo ile, basi. Siyu nzima ilijua hivyo. Pombe yenyewe Siyu angeitoa wapi?

Asubuhi ya mwisho ilibaki lile tawi kubwa na vipande viwili vitatu vya jirani yake. Kariuki alikuwa juu, mota inanguruma, anakata kipande cha mwisho kabla ya lile lenyewe. Kikashuka salama. Akatikisa kichwa. Mutua akaingia chini ya mti kufungua fundo, ameinama, ameipa mgongo panda iliyopasuka. Mimi na baba tulikuwa kwenye mlango wa jiko. Niliuona ufa ukifunguka kabla sijasikia kitu. Baba naye aliuona. Kariuki huko juu, uso upande mwingine na mota sikioni, hakuona wala hakusikia. Kutoka pale alipokuwa Mutua mpaka tuliposimama sisi palikuwa ni kuruka tu.

Baba alipiga kelele kwa roho yake yote: "Mutua! Ndoo! Ndoo! Ndoo!"

Akainuka. Akatutazama. Akatabasamu na pengo lake lile, akageuka, akaikimbilia ndoo.

Tawi lilimkuta ameshika mkono wa ndoo. Sitaeleza zaidi ya hapo. Walimbeba juu ya ubao wa mlango mpaka gatini Mtangawanda, lakini hakukuwa tena na haja ya kuharakisha. Nyumba yetu haikuguswa hata kuti moja.

Sasa sikiliza nilichosikia kwa masikio yangu. Alipokuja askari kuuliza, baba alisema, "Nilimwambia kimbia. Nilipiga kelele, kimbia, kimbia! Hakukimbia." Alisema hivyo na machozi yanamtoka, na machozi yale yalikuwa ya kweli, ndiyo maana aliaminika. Nilimvuta mama buibui. Nikamwambia, baba hakusema hivyo. Mama alinitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona, akasema, "Nyamaza, Esha. Babako wataka wamfunge?" Labda mwanzoni ilikuwa hofu tu, nakubali. Mtu akishikwa na hofu husema chochote. Lakini barazani watu walianza kujiuliza: mtu mzima mwenye akili zake aambiwe kimbia, naye arudi chini ya mti? Na mtu mmoja akajibu kwamba hao ni watu wa bara, bila shaka alikuwa amelewa. Baba alikuwa amekaa papo hapo. Kabla ya juma kwisha, watoto wenzangu wa chuo cha Kurani walikuwa wakiniambia kwamba mlevi amekufa kwetu.

Mke wa Mutua alikuja baada ya maziko. Alikuja peke yake, ameshuka Mtangawanda akaulizia njia, mtoto mgongoni, leso kichwani, viatu vimejaa mchanga. Mama alimkaribisha, akamtandikia mkeka mzuri, akatia chai. Yule mama hakuigusa. Alikaa wima, akamwelekea baba.

"Watu wananiambia Mutua alikuwa amekunywa," alisema. "Huko kwetu kanisa halikuja kumwimbia, kwa sababu hiyo. Mimi nimekuja kuwauliza ninyi mliokuwa naye. Alikuwa amekunywa?"

Baba akakohoa. Akatazama mikono yake. "Mola ndiye ajuaye, mwanangu. Mimi nilimwambia kimbia."

Mola ndiye ajuaye! Damu ilinipanda. Nikasimama katikati ya chumba nikapiga kelele, "Uwongo! Baba hakusema kimbia! Alisema ndoo! Alimwambia ndoo, ndoo, ndoo, naye akenda!" Nilikuwa nalia, na maneno yalitoka kama yalivyokaa kinywani mwangu. Yule mama akanigeukia taratibu. Uso wake ulikuwa na huruma, Mungu amsamehe, alinihurumia mimi.

"Ndoo gani, mtoto mzuri?" akauliza.

Kisha akamtazama baba ili amwelezee. Akamtazama baba! Yeye aliyemweleza kila mpita njia maana ya neno lile, huku akijifuta machozi ya kicheko. Baba akasema kwa Kiswahili safi cha bara, hicho cha kituo cha polisi, "Mtoto anasema palikuwa na ndoo pale chini ya mti. Huenda alijikwaa."

"Alijikwaa," yule mama akarudia. Nikaona kitu kikizimika usoni mwake. Mtu mzima anajikwaa kwenye ndoo asubuhi kweupe, kwa nini? Hakuuliza tena. Nilifungua kinywa nieleze, lakini mama alikwisha kunishika mkono, akanivuta mpaka jikoni na kiganja chake kimefunika mdomo wangu, naye analia. Tulipotoka, mgeni alikuwa ameondoka na chai yake imepoa.

Miaka imepita. Mama amefariki, ndugu yangu aliyekuwa tumboni mwake ana watoto wake, na nyumba yetu imeezekwa mabati, joto lake halikaliki. Mimi naishi Mokowe, nauza vitambaa karibu na gati. Siku hizi wakataji miti wanakuja na kofia ngumu na fulana za kung'aa, na mtu wa chini hupulizwa filimbi, hasemeshwi hata neno. Watoto wangu nikiwaita husema "nakuja, mathe," na wao kwa wao huitana "kuja hapa." Wazee wa Siyu wanalalamika kwamba lugha inakufa. Mimi silalamiki.

Na baba yuko hai, safu ya kwanza msikitini, ndevu nyeupe, mizaha ile ile. Masika yaliyopita mwarobaini wa jirani uliegemea ukuta, vijana wakaja kuukata. Nilikuwa nimekwenda kumsalimu. Nikamkuta amekaa kwenye kiti chake cha plastiki anawausia: "Tahadharini, wanangu. Papa hapa alikufa mtu. Mlevi, maskini. Nilimwambia kimbia, hakusikia." Alisema kwa utamu, kama hadithi ya kupokea wageni. Nikamwambia mbele ya vijana wale, "Baba, huoni haya?" Akaniambia nisifukue mambo ya watu waliokwisha kupumzika.

Nilirudi Mokowe nikamtafuta Kariuki, sasa mzee anayenoa misumeno ya wengine. Yeye alikuwapo kwenye mzaha wote, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Aliweka tupa chini, akasema, "Na mimi miaka yote nikamlaumu marehemu." Ndiye aliyenielekeza kwa Mama Mwende, huko Mwingi. Nikapanda basi.

Nilimweleza yote, neno kwa neno, kwa lugha ambayo sasa ninayo. Alisikiliza mikono imelala mapajani. Alinikumbuka, alikumbuka mtoto aliyepiga kelele kuhusu ndoo. Akaniambia alimzika mumewe kwa hasira na hakuweka hata jiwe. Akaniambia Mwende amekua akijua kwamba baba yake alichagua chupa, na kwamba msichana huyo mpaka leo hataki kulitumia jina la babake. Nilimwomba nimpigie Mwende simu nimweleze mwenyewe. Akakataa.

"Wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Babako mwenyewe aje. Na kwa simu sitaki. Mimi alinidanganya ananitazama. Aje aseme hapa, Mwende akiwa ameketi hapo. Simtakii ubaya. Atakula, atalala, atarudi kwake."

Nilivuka mpaka Siyu kumpelekea baba maneno hayo. Alisikiliza mpaka mwisho, akichora mchangani kwa bakora. Akasema miguu inamuuma, hawezi safari za bara. Nikamwambia nitamkodia gari mpaka mlangoni. Akasema miguu.

Mwezi ule ule wazee wa Siyu walipanda mashua kwenda Lamu kwa maulidi, naye akiwa kati yao. Nami nilivuka kutoka Mokowe, nikamwona. Kwenye zefe, yale maandamano ya maulidi, alitembea na kikosi chake barabara yote ya pwani, anaimba, anaruka, watu wanampungia mkono. Hakuketi hata mara moja. Nilikuwa nimesimama pembeni namtazama, simu ikalia mkononi. Alikuwa Mama Mwende, anauliza kama atandike kitanda cha mgeni. Nikamwambia asitandike.